Chumba Kisicho na Sitara: Maoni Yangu Juu ya Mchoro wa Chumba cha Tiba Mtandao



Mchoro tulioletewa na jumuiya yetu, wa chumba cha tiba mtandao kitakachojengwa katika uwanja wa zahanati ya kwetu, nimeutazama mara tatu. Mara ya kwanza niliutazama kama mtu wa kwao, nikafurahi. Mara ya pili niliutazama kama mtu anayesomesha usanifu wa majengo, nikakunja uso. Mara ya tatu nilimkumbuka mamangu, na hapo nikaona siwezi kunyamaza. Mchango wangu nimeshatoa, risiti ninayo, kwa hivyo asije mtu akasema huyu anatafuta sababu ya kukwepa.

Nianze kwa haki. Waliochora wamekumbuka betri na paneli za jua, maana umeme wa kwetu tunaujua. Wamekumbuka mteremko wa kiti cha magurudumu, jambo ambalo hata baadhi ya hospitali kubwa hulisahau. Wamekiweka chumba jirani na maabara, ili daktari wa mbali akitaka damu ipimwe, mgonjwa asiranderande juani. Hayo nawapongeza bila ya kinyongo.

Sasa tuingie ndani. Chumba ni mita 3 kwa 4. Mlango mmoja, unafunguka moja kwa moja kwenye baraza ambapo wagonjwa wengine wanangoja kwenye benchi. Dirisha la luva, nalo pia linatazama barazani. Ukuta wa mbele una skrini ya inchi 65 na kamera juu yake, na juu ya kamera kiyoyozi. Kiti cha mgonjwa kiko katikati ya chumba, mgongo umelipa dirisha. Sakafu ni taili, dari ni zege, kuta zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi kimo cha kifua, juu nyeupe. Taa ni mrija mmoja katikati ya dari. Kitanda hakuna. Kiti cha pili hakuna. Kusema kweli wametuchorea chumba cha mkutano wa wakurugenzi, wakaiondoa meza, wakamkalisha mgonjwa.

Kosa hili halitokani na ujinga. Linatokana na kuanza na mashine. Fundi ameulizwa: skrini itakaa wapi? Akajibu vizuri. Hakuulizwa: bibi wa miaka sabini mwenye siri yake atakaa wapi, atamtazama nani, na nani atamsikia? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mwongozo wa kuanzisha huduma hizi, na mwaka huo huo, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, likatoa viwango vya kuzifanya ziwafikie watu wenye ulemavu. Ni kazi za maana na ningependa kila mwanakamati azisome. Lakini nguvu zake ziko kwenye mipango, sheria, fedha, mafunzo na programu. Mtu wa matofali kama mie huzimaliza akiwa bado ana kiu.

Na ajabu ni kwamba waanzilishi walilijua hili. Mwaka 1968 mjini Boston, Dk. Kenneth Bird wa Massachusetts General Hospital aliiunganisha hospitali yake na kliniki ndogo ya uwanja wa ndege wa Logan kwa televisheni ya pande mbili, umbali wa kama kilomita 4 tu, kwa sababu foleni za magari zilikuwa zikimchelewesha daktari. Watu hukumbuka televisheni. Mie hukumbuka muuguzi. Kule uwanja wa ndege alikuwepo muuguzi aliyekuwa mikono ya daktari: amshike mgonjwa, aweke stetoskopu mahali pake, asogeze kamera. Kwa hiyo tangu mwanzo kitu hiki kilikuwa vyumba viwili na jozi ya mikono katikati yao. Katika mchoro wetu mikono hiyo haina hata pa kusimama. Muuguzi akiingia, atasimama kati ya kamera na mgonjwa, au atajibana ukutani. Na bila ya kitanda, daktari akisema "naomba umbonyeze tumbo upande wa kulia," tutamlaza wapi? Kwenye taili?

Basi niende kwenye mwanga, kwani hapa ndipo watu weusi tunapoumia zaidi bila ya kujua.

Kamera haimjui mtu. Inaupima mwanga wa picha nzima, inatafuta wastani, kisha inaamua ifungue jicho lake kiasi gani. Mweke mtu mbele ya dirisha lenye jua la saa sita, kamera italihesabu jua, itafumba jicho, na uso utabaki kivuli. Hili linampata mtu yeyote. Lakini uso ukiwa mweusi na ukuta nyuma yake ukiwa mweupe, linampata mara mbili. Hii si shutuma ya kubuni. Kwa miongo kadhaa Kodak waliwapelekea wenye maabara za kusafisha picha kadi ya kusawazishia rangi yenye sura ya mwanamke mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha nzuri. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana. Kamera za leo ni bora, sikatai, lakini hakuna kamera itakayotengeneza mwanga ambao chumba hakikuutoa.

Na daktari wa mbali anatafuta nini usoni? Umanjano wa weupe wa jicho. Upaukaji wa utando wa ndani ya kope la chini, ambako upungufu wa damu huonekana hata kwa mtu mweusi tii. Ubuluu wa midomo na ulimi. Wekundu unaouzunguka uvimbe, ambao kwa ngozi zetu mara nyingi si wekundu, ni zambarau au weusi uliozidi. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari wa St George's, London, Malone Mukwende, pamoja na walimu wawili, alitoa kijitabu kiitwacho Mind the Gap kuonyesha dalili hizi katika ngozi nyeusi na ya kahawia, kwani vitabu alivyosomeshwa vilikuwa vikimwonyesha ngozi nyeupe. Kama daktari aliye ana kwa ana, mwenye dirisha na tochi, anaweza kukosea, je huyu anayetazama kwa kamera, na ukuta wa kijani unarudisha ukijani wake kwenye shavu la mgonjwa? Umanjano na ukijani ni majirani, waungwana. Ukuta huo utasingizia watu maradhi, na utaficha mengine.

Mtu atasema, kuna vipimo, ile klipu ya kidoleni inapima oksijeni. Naam, na Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba klipu hizo ziliwakosa wagonjwa weusi waliopungukiwa oksijeni karibu mara 3 kuliko zilivyowakosa weupe. Kwa hivyo kifaa nacho si shahidi asiye na lawama. Jicho bado linahitajika, na jicho linahitaji taa.

Tiba yake si ghali. Kiti kigeuzwe, mgonjwa alitazame dirisha badala ya kulipa mgongo. Taa ziwe mbili, mbele yake, moja kulia moja kushoto, juu kidogo ya kimo cha macho, si mrija mmoja utosini unaochimba vivuli chini ya nyusi. Kwenye boksi la taa kuna namba iitwayo CRI, juu kabisa ni 100. Msinunue iliyo chini ya 90, maana hiyo ndiyo inayosema rangi zitaonekana kwa uaminifu gani. Rangi ya mwanga iwe kati ya kelvini 4000 na 5000, na taa zote ziwe za namna moja. Ukuta wa nyuma upakwe kijivu au buluu iliyopauka, rangi isiyong'aa. Na mezani pawekwe kipande cha kadi ya kijivu ambacho muuguzi atakionyesha kamera kabla ya kuanza. Vyote hivi ukivijumlisha havifiki bei ya ile skrini ya inchi 65, ambayo kwa maoni yangu ni ya kutazamia mpira. Mgonjwa akae mita moja na nusu kutoka kwenye skrini ya inchi 32, kamera iwe karibu kabisa na pale uso wa daktari unapotokea, na macho yao yatakaribiana. Kamera ikiwekwa juu ya skrini kubwa namna ile, kila mgonjwa ataonekana anatazama kifua cha daktari, na daktari atamwona bibi kizee kama mtu anayeficha jambo.

Na mara nyingine kweli anaficha, nami nakuja huko.

Mwaka 2021 mamangu alikuwa kwangu, huku Uingereza. Alikuja kututembelea kabla ya korona, na korona ikamfungia hapa. Tangu Machi 2020 madaktari wa mitaa walikuwa wamehamia kwenye simu na video, na hata mwaka huo wa pili ilikuwa hivyo mara nyingi. Mama akasema tumbo linamsumbua. Nikapanga miadi. Ilipofika saa, tukakaa jikoni, kwani ndipo intaneti ilipokuwa na nguvu. Friji inanguruma. Mwanangu wa kiume yuko sebuleni, mlango wazi. Simu nimeishika mie, nimeinyoosha mkono ili wote wawili tuonekane.

Daktari alikuwa msichana mpole, mwenye subira. Aliuliza maswali yake kwa utaratibu, nami nikatafsiri. Akafika pahala akauliza kama mama anatokwa na damu yoyote, na akaeleza anakusudia wapi. Waungwana, mie ni mtu mzima, nina shahada ya udaktari wa falsafa, nimehutubia mikutano ya watu mia tano. Swali lile sikuweza kulitamka mbele ya mamangu. Nililimeza, nikauliza, "Mama, kuna jambo jingine lakusumbua?" Mama akanitazama. Akatazama mlango wa sebule. Akasema, "Hapana mwanangu. Mwambie tumbo tu." Nikamwambia daktari: hapana.

Ilipita miezi minne ndipo alipomwambia mke wangu, usiku, chumbani, mlango umefungwa. Yuko leo, alhamdulillahi, amerudi kwao, anapanda mchicha. Lakini daktari wa upasuaji aliniuliza swali moja: kwa nini mlichelewa hivi? Nikasema hatukujua. Ulikuwa uongo wa nusu.

Kwa muda mrefu nilijilaumu ulimi. Ulimi una lake, sikatai. Lakini mie kazi yangu ni vyumba, na baadaye nikajiuliza: kama mtu angeniambia nibuni mahali ambapo mama asiweze kumwambia daktari siri yake, ningebuni nini? Ningebuni jikoni ile. Ningebuni mkao ule ambao mwanawe wa kiume hana pa kwenda, kwa sababu yeye ndiye kishika kamera. Na nikiutazama mchoro huu tulioletewa naiona jikoni yangu, imepakwa kijani.

Hebu fikirini. Daktari atasikika kwa sauti ya spika za runinga, na kwa kuwa wazee hawasikii vizuri itapandishwa. Sakafu ya taili, dari ya zege, kuta za rangi ya mafuta: sauti haina pa kuzama, itarukaruka. Maneno yatavurugika masikioni mwa mgonjwa, na yatatoka yote kupitia luva hadi kwenye benchi, mita mbili. Katika mji wetu, nani anakaa kwenye benchi hilo? Jirani. Wifi. Mwalimu wa madrasa wa mtoto wako. Mtu atauliziwa hedhi yake, mkojo wake, kifua kikuu chake, virusi vyake, kwa sauti ya muadhini. Atajibu "sijambo" na atarudi nyumbani na maradhi yake. Halafu tutaandika ripoti kwamba tumehudumia wagonjwa kadhaa kwa mwezi.

Kenya ina Sheria ya Afya ya Kidijitali tangu 2023, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Tunafunga taarifa za mgonjwa kwa nywila na kwa kanuni za siri kwenye kompyuta, kisha tunaziachia zipite dirishani.

Kinachoniudhi hapa ni kwamba wazee wetu walikuwa na jawabu. Mwenye kuzijua nyumba za mawe za Lamu ananielewa haraka. Huingii nyumba ile kwa mkupuo. Kwanza daka, yale mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana nje ya mlango, pa kukaa mgeni asiyejulikana. Kisha tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, na hapo njia inapinda, ili mlango ukifunguliwa mpita njia asione kitu ila ukuta. Kisha kiwanda, ua usioezekwa unaoleta mwanga na upepo. Pembeni sabule ya wageni. Halafu misana, halafu ndani, kila hatua sitara yazidi. Watafiti wameandika mengi kuhusu utaratibu huu, juu ya heshima, jinsia na nasaba, na sio yote ya kusifiwa, maana nyumba hizo zilijengwa pia kwa jasho la watumwa, na sitara ilikuwa ya wenye mali. Lakini kama somo la usanifu linasimama: jicho halipindi kona, na sauti ikipinda kona na kupita milango miwili hufika imechoka.

Sisemi tujenge nyumba ya kale uwanjani pa zahanati. Nasema tukope tekani na kiwanda.

Tekani iwe ya mita moja na nusu, milango miwili isiyotazamana, mbao nzito, na mpira wa kuziba chini. Ndani yake kiti kimoja. Kiti hicho mie nakithamini kuliko skrini. Ndicho kinachomwezesha muuguzi kumwambia mtoto wa kiume, "Kaka, tupishe kidogo," naye akapisha bila ya kufukuzwa mbele za watu na bila ya benchi zima kujua kwamba sasa wanauliza mambo ya wanawake. Mama akitaka mwanawe arudi, ni kumwita tu. Ningekuwa nimekaa kwenye kiti hicho mwaka 2021, na badala yangu pembeni ya mama akawepo mkalimani mwanamke, leo nisingekuwa na haya ya kuandika.

Kiwanda kiwe nyuma: kiuga kidogo chenye ukuta mrefu, luva zote zitazame huko badala ya barazani. Hapo tunapata upepo na mwanga bila ya kuuza siri. Na hapa niwakumbushe wahandisi waliosomea Ulaya, nikiwemo mie: ile kanuni ya huku kwamba dirisha la kaskazini halipigwi na jua, kwetu haifai. Karibu na Ikweta jua hupita kaskazini kwa karibu nusu ya mwaka na kusini kwa nusu nyingine. Adui yetu ni mashariki na magharibi, na mchoro umeweka dirisha magharibi.

Benchi lihamishwe. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu nguvu ya sauti hushuka kwa kama desibeli 6. Kutoka mita 2 hadi 8 ni maradufu mara mbili, desibeli 12, na hii ni kabla ya kuhesabu mlango wa pili. Upande wa pili wa uwanja kuna mwarobaini mkubwa, sote tunaujua, watu watapenda kungoja pale kuliko barazani. Ndani ya chumba, spika ndogo iwekwe mezani, karibu na mgonjwa, isikike bila ya kupiga kelele, na ziwepo jozi mbili za spika za masikioni kwa mwenye kutaka. Mikeka ya ukili ukutani na jamvi zito chini ya miguu vitasaidia kupunguza mwangwi, ingawa muuguzi mkuu atalalamika kuhusu kusafisha, na ana haki. Basi angalau mapazia mazito na vibao vya kunyonya sauti kwenye dari, visivyofikiwa na mikono. Kiyoyozi kitoke juu ya kipaza sauti, kiende ukuta wa nyuma. Mie ningejaribu kukiepuka kabisa, kuta ziwe nene na kiuga kifanye kazi yake, lakini mwezi wa Machi kwetu nimeusahau kidogo, watakaokaa humo waamue.

Kuhusu upande wa daktari sina mengi, kwani hakutengenezwi na pesa zetu. Ila tuandike katika makubaliano kwamba mwanzoni kila upande uwataje waliomo chumbani, hata walio nje ya picha, na kamera izungushwe mgonjwa ajionee. Mgonjwa anaonyeshwa kichwa na mabega ya daktari mbele ya ukuta mweupe. Hajui kama nyuma ya kamera ile wamekaa wanafunzi sita.

Wapo watakaoniambia: Mwalimu, unahangaika na vyumba wakati dunia imeshahamia kwenye simu. Kule Rwanda, Babyl ilifanya kazi kwa simu ya kawaida kuanzia 2016, mtu akipiga namba na kuongea na muuguzi au daktari popote alipo, bila ya chumba chochote. Kweli, na iliwafikia watu wengi sana, mpaka ilipofungwa 2023 baada ya kampuni yake mama ya Uingereza kufilisika. Lakini "popote alipo" ni chumba pia, ila kimebuniwa na bahati. Kwa mwenye chumba chake na mlango wake, simu ni faraja kubwa kuliko zahanati yoyote. Kwa mwanamke anayelala chumba kimoja na wakwe na watoto wanne, simu ni jikoni yangu. Huyo ndiye anayehitaji kutembea hadi uwanjani pa zahanati, akute milango miwili na mtu wa kumwambia kaa hapa, hakuna anayekusikia. Kama tunajenga kwa ajili yake, tujenge hivyo. Kama tunajenga ili siku ya ufunguzi tupige picha mbele ya skrini, basi mchoro uliopo unatosha.

Gharama nimezipiga hesabu mara mbili. Tekani, milango na ukuta wa kiuga ni nyongeza. Skrini ndogo, kiyoyozi kuondolewa au kupunguzwa, na taili nusu ya chumba, ni punguzo. Naona zinakaribiana, lakini bei za mbao na saruji za huko mie nazijua kwa kuambiwa, kwa hiyo anayejenga huko sasa hivi anisahihishe. Kabla ya yote, msingi usichimbwe. Nimemwandikia katibu wa jumuiya nikamwomba vipimo vya uwanja, upana wa baraza, na umbali kutoka ukutani hadi shina la mwarobaini. Akinipa kabla ya mwisho wa mwezi, mchoro wa pili nitauchora mwenyewe, bure, na nitawaletea mwuchambue kama nilivyouchambua huu. Na nimeomba jambo moja zaidi: kabla ya kuupitisha, wanawake watano wa mji wapelekwe uwanjani, chumba kichorwe chini kwa chokaa kwa vipimo vyake, wakae ndani yake kwenye viti, na wengine wakae pale benchi litakapokuwa. Halafu waulizwe wao, wanaume tukiwa mbali.

Wasalaam.